Chiti za bure na laptopu ya watu wanne

Leo siandiki habari za mitihani. Naandika kuhusu programu za kuchiti gemu, zile zinazouzwa kwa dola kila mwezi, ambazo jamaa kibao hapa hosteli wanazisaka bure.

Mtu anataka bunduki ijilenge yenyewe, kulipa hataki. Anaingia YouTube, chini ya video kuna linki ya faili lililofungwa kwa neno la siri, na maelekezo: zima antivairasi kwanza. Jamani! Mwizi anakwambia umfunge mbwa ndo aingie, na wewe unakwenda kumfunga.

Mwaka 2022 kampuni ya Kaspersky ya Urusi ilieleza kifurushi kilichosambazwa hivyohivyo kwa jina la chiti, za FIFA 22 zikiwemo. Ndani mlikuwa na RedLine, inayokwapua maneno ya siri na kuki za kwenye brauza, na nyengine ya kuchimba sarafu za kidijitali kwa umeme wako. Kilichonitisha zaidi, kilitumia akaunti ya YouTube ya huyohuyo aliyeibiwa kupandisha video za kunasa wengine.

Na waliolipa? Machi 2024 iliripotiwa kuwa wachezaji wa Call of Duty wanaotumia chiti wameibiwa akaunti, na muuzaji wa chiti ndiye aliyeshtuka mwanzo. Soko lenyewe ndo hilo. Ukiibiwa utamshitaki nani?

Hoja yangu hasa ni kwamba laptopu za hosteli si za mtu mmoja. Huyu kaombea mkopo, yule kafungua imeli, mwengine kahifadhi maandalio ya somo. Sisi wa ualimu flashi hizohizo tunazichomeka mpaka kompyuta za skuli tunakokwenda kufanya mazoezi ya kufundisha. Wewe unayetaka kushinda gemu saa sita usiku, umewauliza hao wote? Msinambie "mie sina cha kuibiwa". Aliyeazima mashine yako anacho.

Kama mshaiweka, badilisheni maneno ya siri kwa mashine nyengine, na akaunti zitoeni kwenye vifaa vyote. Kuki zikishaibiwa, mwizi anaweza kuingia bila kuulizwa neno la siri. Na muwaambie wenzenu mnaotumia nao, hata kama ni aibu.

Haya, nakimbilia daladala Darajani. Wa ghorofa ya juu mnajijua, maoni yenu nayasubiri.