Kocha wa Nje Hupewa Muda, Wetu Hupewa Kibarua

Wasee, leo nawaambia ukweli hata mkinuna. Hii tabia yetu ya kumpima kocha kwa pasipoti inaua mpira wa Kenya, na sisi mashabiki ndio tunaichochea.

Cheki Claudio Ranieri, yule Mwitaliano. Alikuwa beki wa kawaida tu, miaka yake mingi akaimalizia Catanzaro. Akageuka kocha, akaitoa Cagliari daraja la tatu hadi Serie A kwa misimu miwili, 1989 na 1990. Baadaye akafutwa mara kadhaa. 2014 akiwa na Ugiriki alipigwa nyumbani na Visiwa vya Faroe, akatimuliwa baada ya mechi nne pekee. Dunia ikamcheka. Mei 2016, akiwa na miaka 64, akabeba ligi ya Uingereza na Leicester, timu iliyokuwa na odds za 5000 kwa 1. Kila alipoanguka, kuna mtu alimwamini tena.

Sasa linganisha na Francis Kimanzi. Jina ni kama la jirani yako hapa Migwani, sindio? 2008 aliivusha Harambee Stars hadi raundi ya mwisho ya kufuzu Kombe la Dunia 2010. Desemba mwaka huo tukawa nambari 68 duniani, na hatujawahi kupanda juu ya hapo. Zawadi yake? Mwanzoni mwa 2009 kibarua kikaota nyasi, akaletwa Mjerumani, Antoine Hey. Mechi sita za kundi, tukashinda moja, tukamaliza mkiani. Hey mwenyewe hakufika Krismasi.

Kimanzi akarudi 2019. Akatoka sare ya 1-1 na Misri kwao, akatoka sare na Togo, na Oktoba 2020 akaichapa Zambia 2-1 kwenye mechi ya kirafiki. Mwezi huohuo tukaambiwa wameachana kwa makubaliano. Makubaliano gani hayo?

Oktoba 2021 Engin Firat kutoka Uturuki akaanza kazi kwa kulimwa 5-0 na Mali. Unajua alikaa hadi lini? Desemba 2024. Alikuwa na siku zake nzuri, kama ile ya kuipiga Qatar, lakini AFCON 2025 hatukufuzu. Angekuwa Kimanzi amekula hizo tano, angepata hata nauli ya kurudi nyumbani?

Najua mtasema Migné alitupeleka AFCON 2019, na Benni McCarthy akatufikisha robo fainali ya CHAN 2024. Kweli kabisa, na heshima yao wapewe. Lakini aliyetupeleka AFCON 2004, tukaifunga Burkina Faso 3-0, ni Ghost Mulee, Mkenya. Kwa hivyo shida si kocha kutoka nje. Shida ni kwamba wa nje akipoteza tunasema "anajenga timu", wetu akipoteza tunasema "hajui kitu". Mizani mbili kwa kazi moja.

Na hii si story ya Nairobi pekee. Ukipita viwanja vya huku jioni, kuna beki mstaafu wa timu ya kijiji anafundisha watoto kwenye vumbi. Filimbi amenunua mwenyewe, mpira umeshonwa mara tatu. Huyo ndiye Ranieri wetu wa Catanzaro. Lakini akiangalia vile Kimanzi alifanyiwa, mara mbili, kwa nini atafute pesa za kusomea leseni ya CAF? Aende akapande ndengu tu.

Mimi sitaki kocha Mkenya apendelewe. Nataka mkataba wake uhesabiwe mechi zilezile, na mshahara uingie kwa tarehe ileile. Na wewe unayeandika "kocha atoke" dakika ya 20, jiulize kama ungeandika hivyo kama angekuwa anaitwa Roberto.

Haya, komenti ziko wazi. Njooni na hoja, matusi muache nyumbani.