Je, Inafaa Kumwogesha Paka?

Katika nyumba nyingi za kwetu siku ya Jumamosi ni siku ya maji. Nguo zinafuliwa, watoto wanasuguliwa kwa sabuni mpaka wanang'aa, sufuria zinasuguliwa kwa majivu. Kisha, maji yakibaki katika beseni, mtu mmoja anasema: "Mleteni na paka." Hapo vita inaanza. Watoto wanakimbia huku na huku, paka anapanda darini, na mwishowe anakamatwa na kuzamishwa katika maji baridi yenye povu, naye analia kama mtoto mchanga.

Wenye kufanya hivyo wanafikiri wanafanya jambo jema. Sisi wauguzi tumewafundisha usafi kwa miaka mingi, nao wamesikia. Wanatuuliza: "Kama mwili wa mtoto unahitaji kuoga, mwili wa paka je?" Swali hili ni la haki, nami nataka kulijibu waziwazi. Paka mwenye afya hahitaji kuogeshwa. Si kila Jumamosi, wala kila mwezi. Paka wengi wanaishi mpaka uzee bila kuogeshwa hata mara moja, wala hawapati hasara. Na yule anayeonekana mchafu kweli, huyo hasa usimtie katika beseni kabla ya kujiuliza kwa nini amekuwa mchafu.

Mtazame paka wako akisha kula ndagala zake. Anakaa, anaramba mkono, anapitisha mkono juu ya uso na nyuma ya sikio, kisha anaramba mgongo, tumbo na mkia. Ulimi wake si laini kama wetu. Umejaa miiba midogo iliyopinda kuelekea kooni. Mwaka 2018 wataalamu wa Marekani walieleza ya kuwa ncha ya kila mwiba ina mfereji mdogo unaochota mate na kuyafikisha mpaka ndani ya manyoya, karibu na ngozi. Basi paka ana kitana na maji yake mwenyewe, naye anavitumia kila siku kuliko sisi tunavyotumia sabuni.

Tena mwili wake una moto kuliko wetu: joto lake la kawaida ni kama 38 mpaka 39. Manyoya makavu yanashika joto hilo, lakini manyoya yaliyolowa hayalishiki. Huku milimani, Ituri na Kivu, jua likizama baridi inaingia mara moja. Paka mzima atatetemeka, atajikausha. Mtoto wa paka aliyeloweshwa jioni anaweza kufa kabla ya asubuhi, na watoto wa nyumba watasema alilogwa.

Sasa nirudi kwa neno lile la paka mchafu. Paka anayeacha kujiramba ana sababu. Pengine ana homa. Pengine jino limeoza, au kinywa kina vidonda, au amezeeka na mgongo haupindi tena. Manyoya yake yanasimama, yanashikana, yananuka. Hiyo ni alama, kama vile ulimi mweupe na macho ya manjano ni alama kwa munganga. Ukimwosha kwa sabuni umeifuta alama, ugonjwa umebaki ndani. Ndiyo sababu ninasema beseni linaweza kumdanganya mwenye paka. Akiwa mzee tu, mpanguse kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, umkaushe, yatosha. Akiwa mgonjwa, mpeleke kwa munganga wa nyama kama yuko karibu.

Wengi watanijibu: "Lakini viroboto je? Sisi tunamwogesha kwa ajili ya viroboto." Haya, tuwaangalie. Kiroboto anayeonekana juu ya paka ni sehemu ndogo ya jamaa yake. Mayai yake ni laini, yanateleza kutoka katika manyoya na kuanguka pale paka anapolala: katika mkeka, katika nyufa za sakafu, katika vumbi chini ya kitanda. Watoto wa kiroboto wanakua humo, wanajifungia ndani ya kifuko, na wanaweza kungoja majuma mengi mpaka wasikie joto la mtu au la mnyama likipita. Unaweza kumwogesha paka asubuhi, na jioni amepata viroboto wapya katika nyumba yako mwenyewe. Tena wanapoona maji, viroboto wanakimbilia kichwani pa paka, na wengine wanaruka juu ya mikono ya yule anayemshika. Ukitaka kuosha kitu kila Jumamosi, osha kitambaa anacholalia paka, kwa maji moto, usimwoshe paka mwenyewe. Fagia nyufa, toa mikeka juani, ziba sakafu ya udongo iliyopasuka. Na kitana chenye meno ya karibukaribu, kikichovywa katika maji ya sabuni kila kinapojaa, kinatoa viroboto wengi bila kumlowesha mnyama.

Neno la viroboto si dogo kwetu. Katika Ituri iko tauni, ambayo wengine huita pesti. Yersin alikiona kijidudu chake huko Hong Kong mwaka 1894, na mwaka 1898 Simond alionyesha ya kuwa kiroboto ndiye anayekichukua kutoka kwa panya. Ugonjwa huu haukuisha. Mwaka 2020 wagonjwa walionekana tena katika eneo la afya la Rethy. Katika nchi ya namna hii paka ni rafiki, maana paka akiondoka panya hutawala. Lakini paka anakula panya, na panya akiwa na tauni paka anaweza kuugua. Anapata homa, anavimba chini ya taya, pengine anakohoa. Katika nchi ya Marekani, tangu mwaka 1977 mpaka 1998, watu 23 walipata tauni kutoka kwa paka, na 5 kati yao walikufa. Wengi waliipata kwa kuumwa, kukwaruzwa au kumshika paka mgonjwa, na 5 waliipata kwa kuvuta pumzi karibu naye.

Sasa fikiri, mama. Paka wako hajijali tangu siku mbili, ananuka, shingo imevimba. Unasema, "Amekuwa mchafu, nimwogeshe." Unamkumbatia kifuani, uso wake karibu na uso wako, anakukwaruza, anakukoholea. Je, kuna njia nyingine nzuri kuliko hiyo ya kupata tauni? Pahali palipo na tauni, paka wa namna hiyo asiogeshwe, asibebwe na watoto, asilale karibu na watu. Akifa, asishikwe kwa mikono mitupu. Peleka habari katika dispanseri upesi, na vilevile ukiona panya wanakufa ovyo. Na mtu akipata homa kali na uvimbe wenye maumivu kinenani, kwapani au shingoni, asingoje kesho. Dawa ziko, zinaponya, lakini zinataka kuanza mapema.

Liko jambo jingine linaloniudhi kuliko yote, nalo linatoka kwa wafugaji wa ng'ombe. Mtu ana chupa ya dawa ya kupe. Ameogesha ng'ombe, dawa kidogo imebaki, naye anasema: "Inaua kupe, itaua na viroboto." Anammwagia paka. Katika dawa hizo mara nyingi mna permetrini, au ndugu zake kama sipermetrini. Ng'ombe anazivumilia, mbwa pia anavumilia kipimo chake, bali ini la paka haliwezi kuzivunja vema. Kwanza anatetemeka masikio na miguu, kisha mwili wote unashikwa na degedege, na wengi wanakufa. Watu wanasema ametegewa sumu na jirani, na ugomvi unaingia katika kijiji kwa ajili ya chupa iliyo nyumbani mwao wenyewe! Poda ya viroboto ya mbwa ni vilevile. Dawa kali ya kusafishia choo na vidonda, ile yenye harufu ya lami, nayo ni sumu kwa paka, na mafuta ya taa pia. Kumbuka kwamba paka hupangusi kitu juu ya manyoya yake asikile: kila utakachompaka, atakiramba.

Na kwa sababu hiyo hiyo iko siku moja ambayo lazima paka aogeshwe. Akimwagikiwa na mafuta ya taa, rangi, mafuta ya motokari, au dawa hiyo ya kupe, usimwache ajirambe. Siku hiyo usiseme, "Nilisoma kwamba paka haogi." Chukua kwanza kitambaa kikavu umfute yaliyo juu. Maji yawe ya uvuguvugu. Jaribu kwa kiwiko kama unavyofanya kwa mtoto mchanga. Tia kitambaa chini ya beseni ili miguu isiteleze, maana paka anaogopa kuteleza kama anavyoogopa maji. Mmoja amshike kwa upole nyuma ya shingo, mwingine aoshe tangu shingoni kwenda nyuma, bila kumwaga maji kichwani na masikioni. Sabuni iwe kidogo na isiwe kali. Sabuni ya mawese tunayopika nyumbani mara nyingine ina magadi mengi, inachoma ngozi. Kisha suuza mara mbili, hata tatu, kwa maana sabuni inayobaki ataila. Mkaushe kwa nguo, mweke karibu na moto au juani mpaka akauke kabisa. Akiisha kuimeza sumu, usimtapishe. Kama mafuta ya taa yalimwingia kinywani, kumtapisha kunayapeleka mapafuni.

Wako pia waume wanaoagiza paka aoshwe kwa sababu mke ana mimba, maana wamesikia ya kuwa paka ana kijidudu kinachodhuru mtoto tumboni. Kijidudu kiko, kinaitwa toksoplasma, lakini hakikai katika manyoya. Kinatoka katika mavi ya paka, nacho kinahitaji siku moja mpaka tano kabla ya kuweza kuambukiza. Basi mavi yaondolewe kila siku na mtu mwingine, si na mama mwenye mimba. Naye anawe mikono akitoka shambani, aoshe mboga vizuri, na nyama iive. Kumwogesha paka hakumsaidii kitu.

Tena nawaomba, msiwape watoto kazi hii. Mara nyingi mkono tunaofunga hapa siku ya Jumatatu ulijeruhiwa katika beseni siku ya Jumamosi. Jino la paka ni jembamba kama sindano. Linatoboa ndani, kisha ngozi inajifunga na uchafu unabaki chini. Mama anasema, "Ni tundu dogo tu," na kesho yake mkono umevimba mpaka kiwiko. Mtu akiumwa au akikwaruzwa, kidonda kioshwe mara hiyo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili, si kwa kuhesabu haraka. Kisha aje hospitali ili tuangalie haja ya chanjo ya kichaa na ya pepopunda. Paka pia anaweza kupata kichaa cha mbwa, na kichaa kikisha kuonekana ndani ya mtu hakuna dawa ya kumponya. Paka aliyeuma, asiuawe upesi. Afungiwe ndani na kutazamwa siku 10, na mkituletea habari zake mtatusaidia kujua la kufanya.

Beseni lililotumika kuondoa dawa ya kupe au mafuta ya taa lisirudi jikoni, hata likisuguliwa. Na maji yake yasimwagwe mtoni, maana dawa ile inaua samaki. Chimbeni shimo mbali na kisima, mmwage humo, mfukie.