Daktari kasema tutembee, lakini tutembee wapi?

Ndugu msomaji, bila shaka umewahi kuambiwa, wewe au mtu wa nyumbani kwako, kwamba dawa ya kwanza ya presha na kisukari si tembe bali ni kutembea. Mimi niliambiwa hivyo miaka mitatu iliyopita, baada ya mashine ya kupimia presha kuonyesha namba zilizomfanya muuguzi anipime mara ya pili. "Mzee, tembea angalau nusu saa kila siku," daktari akaniambia. Nikaitikia kwa kichwa, nikanunua raba, na kesho yake alfajiri nikatoka.

Nilidumu siku nne tu. Barabara inayopita mtaani kwetu haina njia ya waendao kwa miguu. Upande mmoja kuna mtaro ulio wazi, na upande wa pili kuna vibanda na matatu zinazongojea abiria. Siku ya nne pikipiki iliyokuwa ikikwepa shimo ilinipitia karibu mno hata kioo chake kikanigonga kiwiko. Nilirudi nyumbani moyo ukinidunda kuliko wa mtu aliyekimbia, na zile raba zikaingia chini ya kitanda.

Sikuzitoa tena mpaka mwaka jana, nilipokwenda Marekani kumtembelea binti yangu anayefanya kazi New York. Wazee wengi wa Kenya siku hizi hufunga safari hiyo, hasa mjukuu anapozaliwa. Jumapili moja ya mwezi wa Julai binti yangu akasema, "Baba, leo twende mahali ambapo hutaona gari." Nilidhani ananitania.

Kisiwa cha mchanga

Mahali penyewe panaitwa Fire Island. Ni kisiwa chembamba cha mchanga kilichojinyoosha kwa kilomita 50 hivi sambamba na pwani ya kusini ya Long Island, kikipokea mawimbi ya bahari ya Atlantiki ili yasiipige bara moja kwa moja. Sehemu nyingi ni nyembamba kiasi kwamba mtu mwenye miguu mizima hutoka upande wa ghuba hadi upande wa bahari kuu kwa dakika chache tu. Kuna madaraja mawili, moja karibu na kila ncha, lakini katikati hakuna barabara ya lami. Ukitaka kufika kwenye vijiji vya katikati, ambavyo jumla yake ni 17, unapanda treni hadi miji kama Bay Shore au Sayville, kisha unavuka kwa feri kwa muda wa kama nusu saa.

Tulishuka Ocean Beach, kijiji chenye shughuli nyingi kuliko vingine. Jambo la kwanza nililoliona halikuwa bahari bali vigari vidogo vyekundu vya kukokotwa kwa mkono, kama vile wanavyochezea watoto. Kila familia huwa na chake. Wanabebea mboga, masanduku, barafu, na hata watoto wenyewe. Jambo la pili lilikuwa ukimya. Nilisikia watu wakizungumza na ndege wakilia, na kwa mbali mawimbi. Nilishtuka kutambua kwamba nilikuwa nimezoea kupaza sauti ninapoongea njiani, na hapo hapakuwa na sababu ya kufanya hivyo.

Siku hiyo nilitembea karibu saa tatu, mimi niliyeshindwa na nusu saa. Sikuwa nimepona wala sikuwa kijana ghafla. Njia ndiyo iliyokuwa tofauti. Vijia ni vyembamba, na vingi vimetandikwa mbao au saruji. Nilimwona bibi kizee akitembea na mkongojo katikati ya njia bila kugeuza shingo nyuma. Niliwaona watoto wa miaka sita au saba wakienda dukani peke yao. Nikakumbuka kwamba na sisi, wa rika langu, tulitumwa dukani hivyo hivyo.

Hapakuwa hivyo kwa bahati

Usije ukafikiri kisiwa hicho kiliachwa bila magari kwa kusahaulika. Mwezi wa Machi mwaka 1962 dhoruba kubwa ilikiharibu, na Robert Moses, afisa mwenye nguvu aliyejenga barabara kuu na madaraja mengi ya New York, akapendekeza barabara kuu ipitishwe kisiwani kwa urefu wake wote. Alidai ingeuimarisha mchanga. Wenye nyumba na wapenzi wa mazingira wakakataa, wakafanya mikutano na kupeleka kilio chao Washington. Mwaka 1964 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuifanya pwani hiyo kuwa hifadhi ya taifa, na barabara ile ikafia kwenye karatasi.

Kwa hiyo ule ukimya niliousikia ni matunda ya watu waliobisha. Mgeni anayetaka kuona walichookoa na ashuke Sailors Haven, apite kwenye njia ya mbao ndani ya msitu uitwao Sunken Forest. Baadhi ya miti yake ina umri wa zaidi ya miaka 200, lakini haijawa mirefu kupita vilima vya mchanga vinavyoikinga, kwa kuwa upepo wa chumvi huikata vichwa.

Sitaki kukupamba kwa maneno, msomaji. Magari hayajatoweka kabisa. Ya zimamoto na ya dharura yapo, na wachache wana vibali maalumu. Tena magari ya wageni wenyewe yanawangoja ng'ambo, yamepangwa kwenye viwanja vya kuegeshea. Kisiwa chenyewe ni ghali, na nyumba nyingi ni za watu wenye nafasi wanaokuja majira ya joto tu. Wakati wa baridi hubaki watu mia kadhaa. Na bahari haina urafiki wa kudumu na mtu: kimbunga Sandy cha Oktoba 2012 kilifurika vijijini, kikabomoa nyumba na kukikata kisiwa mahali papya.

Ukienda, jihadhari

Huu ni ukurasa wa afya, basi sitakuacha uende bila maonyo. La kwanza ni kupe. Kisiwani kuna paa wengi, na kuna kupe wadogo sana, wengine kama mbegu ya ufuta, wanaoweza kuambukiza ugonjwa uitwao Lyme. Tembea katikati ya njia, usiingie majanini. Vaa suruali ndefu na soksi, jipake dawa ya kufukuza wadudu, na jioni jikague mwili mzima, hasa kwapani, nyuma ya magoti na kwenye nywele. Ukimpata kupe, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute taratibu moja kwa moja. Usimchome kwa moto wala kumpaka mafuta ya taa. Kwa kawaida huhitaji kukung'ang'ania zaidi ya saa 24 ndipo akuambukize, kwa hiyo kujikagua kila jioni ni kinga kubwa.

Hapa nisikilize vizuri. Dalili za Lyme huanza kati ya siku 3 na 30 baada ya kuumwa. Maana yake unaweza kuwa umesharudi Nairobi au Kisumu ndipo homa, kuumwa kichwa na maumivu ya viungo yakuanze, nawe ukadhani ni malaria. Wengi hupata baka linalopanuka kwenye ngozi, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu wake hauonekani kwa urahisi. Mwambie daktari ulikotoka. Ugonjwa huu hutibika vyema kwa dawa za antibiotiki unapogunduliwa mapema. Ukicheleweshwa unaweza kuathiri viungo, neva na hata moyo.

Onyo la pili ni bahari. Upande wa Atlantiki kuna mikondo inayovuta mtu kuelekea kilindini. Ikikushika, usishindane nayo kwa kuogelea kurudi ufuoni moja kwa moja, utachoka uzame. Ogelea sambamba na ufuo mpaka utoke kwenye mkondo, ndipo urudi. Na ogelea mbele ya waokoaji tu. La tatu, beba dawa zako za kila siku, maji na kofia. Kisiwani hakuna hospitali, na mgonjwa mahututi hana budi kuvushwa hadi bara.

Somo la nyumbani

Sasa utaniuliza: haya yanatuhusu nini sisi tunaoamkia foleni za Jogoo Road? Je, nataka Nairobi iwe kisiwa cha kitajiri cha kupunga upepo? La. Gonjwa litakimbizwa hospitalini kwa gari, sukuma wiki itafika sokoni kwa gari, na mtu anayeishi Rongai hatafika kazini kwa kigari chekundu.

Lakini tusidanganyane kwamba kutembea ni anasa ya Wazungu. Sisi ndio watembeaji. Kila alfajiri maelfu kwa maelfu ya watu hutoka Kibera, Mukuru na Kawangware kwa miguu kwenda kutafuta riziki. Tofauti ni kwamba wenzetu hutembea kwa amani, na sisi tunatembea kwa sala. Katika hesabu za kila mwaka za vifo vya barabarani nchini, wanaokwenda kwa miguu ndio wengi kuliko kundi jingine lolote. Mtu asiye na gari, asiyemgonga yeyote, ndiye anayezikwa zaidi.

Tena hatuhitaji kwenda Marekani ili kuona kisiwa kinachotembewa. Lamu tunayo. Mji wake wa kale, ulioingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, ulijengwa kwa vipimo vya mtu na punda, na kwa karne nyingi mzee wa Lamu amekwenda msikitini, sokoni na barazani kwa miguu yake. Hata hivyo, miaka ya karibuni pikipiki zimeingia kisiwani humo, na wenyeji wamevutana kuhusu zipite wapi na zisipite wapi. Vijana wana haki ya kutafuta riziki, sikatai. Lakini njia ikishageuka kuwa ya mashine, mwenye miguu huirudisha kwa taabu sana. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilitoa sera ya usafiri usiotumia injini, iliyoahidi kutenga asilimia 20 ya fedha za barabara kwa ajili ya watembeao na waendesha baiskeli. Ahadi ilikuwa nzuri. Pita mtaani kwako leo uhesabu njia za miguu, kisha uondoe zile zilizogeuzwa maegesho ya magari, zile zenye vibanda na zile zinazoishia ghafla kwenye mtaro. Utakachobaki nacho ndicho tulichopewa.

Kwa maoni yangu hili ni jambo la Wizara ya Afya sawa na lilivyo la Wizara ya Barabara. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea kwa haraka kunatosha. Hakuna dawa rahisi kuliko hiyo. Lakini daktari anayemwandikia mgonjwa kutembea, katika mji usio na mahali pa kutembea, ni sawa na kumwandikia dawa isiyouzwa katika duka lolote.

Basi, msomaji, nina maombi mawili. Kama una safari ya kwenda kuwaona watoto New York, waombe wakuvushe siku moja hadi kwenye kile kisiwa, miguu yako ikumbuke ilivyoumbiwa. Na kama huna safari, nenda kwa mwakilishi wako wa wodi umwulize swali moja tu: njia ya miguu ya mtaa wetu itajengwa lini? Nenda na jirani, na mwende tena mwezi ujao. Watu wa Fire Island hawakupewa ule ukimya kama zawadi, waliudai.

Raba zangu sasa ziko mlangoni, si chini ya kitanda. Kwa sasa nazunguka uwanja wa shule ya msingi iliyo jirani, kabla watoto hawajafika, kwa hisani ya bawabu. Presha imeshuka kidogo. Lakini kila ninapotoka langoni mwa shule na kuikanyaga ile barabara, nageuza shingo nyuma.