Rubani Akighairi Kutua, Mshukuru

Msomaji, ukiabiri ndege ndogo kwenda Migori, au kiwanja cha Kabunde huko Homa Bay, usidhani kazi ngumu ya rubani ni kukanyaga breki. Kazi huanza angali hewani, na kazi yenyewe ni kupima mwendo.

Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya bahari, na viwanja hivi viko juu zaidi. Hewa ya huko ni nyepesi, na jua la adhuhuri huizidishia wepesi. Mathalani, Cessna 172 inayotua mshale ukionyesha noti 61, yaani kilomita 113 kwa saa, huwa kwa kweli inakaribia 125.

Je, rubani aongeze mwendo kwa hofu? La! Mwendo ukizidi kwa asilimia 10, nguvu ambazo breki zitapaswa kuzituliza huzidi kwa 21. Ndege huelea huku kiwanja kikiisha. Naye akipunguza kupita kiasi, mabawa hushindwa kuibeba.

Basi akighairi na kupaa tena, usinung'unike wala usitazame saa. Huyo anaijua hesabu yake, nawe utafika nyumbani.