Mkwaruzo wa gari la mwenzako ni deni

KILA sifa njema inamstahikia Mwenyezi Mungu (SW), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake, masahaba zake na wote waliofuata uongofu wake hadi Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo, ndugu wasomaji, Ijumaa ya leo tunapenda tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu tunalihesabu kuwa dogo, ilhali mbele ya Mwenyezi Mungu (SW) huenda lisiwe dogo hata kidogo. Nalo ni hili la magari yanayoegeshwa, na mikwaruzo na vibonyeo wanavyovikuta wenye magari hayo pindi wanaporejea. Mtu hufungua mlango wake kwa kishindo ukagonga gari la jirani, au hurudi nyuma bila ya kutazama akalichubua bampa la mwenzake, au hupita na mzigo wa mabati katikati ya magari mawili. Kisha hutazama kulia na kushoto, na akiona hapana aliyemwona hushika njia yake.

Hali hii tunaiona sokoni, hospitalini na kwenye kumbi za harusi. La kusikitisha zaidi ni kwamba tunaiona hata karibu na misikiti. Nendeni Kariakoo siku ya Ijumaa saa sita na nusu mchana mkajionee magari yalivyobanana, mlango kwa mlango, na watu wakishuka mbiombio kuiwahi hotuba. Muumini anaacha alama katika gari la muumini mwenzake, kisha anaingia msikitini, wakasimama safu moja, bega kwa bega, na huyu aliyedhulumiwa hana habari.

Tunasema tangu mwanzo, ili pasiwe na utata: alama ile ni deni. Swala haiifuti, saumu haiifuti, wala mvua haiioshi. Itafutwa kwa kulipwa mwenyewe, au kwa yeye kusamehe kwa hiari yake.

Huenda msomaji akauliza, je, mkwaruzo mmoja ni kitu cha kufanyiwa mawaidha? Tunamjibu kwa kumtaka autazame kwa jicho la fundi. Rangi ya gari ni tabaka kadhaa zilizopangwa juu ya bati, na ya juu kabisa ni ile inayong'aa, isiyo na rangi, ambayo kazi yake ni kuzikinga zilizo chini yake. Tabaka zote hizo zikijumlishwa, unene wake ni takriban sehemu moja ya kumi ya milimita tu. Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo: ukinasa, basi mkwaruzo huo umeshazama, na kuufuta kwa kitambaa na dawa ya kung'arishia pekee hakutatosha. Ukifika kwenye bati, kutu huingia. Nasi tunaoishi pwani, kuanzia Mombasa na Tanga hadi Dar es Salaam na Unguja, tunaijua vyema hewa ya chumvi inavyoila chuma. Fundi naye hawezi kuupaka rangi ule mstari peke yake ukafanana na palipouzunguka. Mara nyingi hulazimika kuupaka mlango mzima. Hivyo tendo la nukta moja humgharimu mtu fedha aliyoikusudia kwa ada ya mwanawe.

Wala tusijidanganye kwamba bima italipa. Wengi wetu tumekata bima ile ndogo inayolazimishwa na sheria, ambayo ni ya madhara unayomsababishia mtu mwingine; haitengenezi gari lako mwenyewe. Tena si kila anayeendesha gari ni mwenye gari. Wako madereva wa teksi na wa magari ya watu binafsi ambao kila jioni hukabidhi gari kwa tajiri, na tajiri hulizunguka akilikagua. Alama mpya ikionekana, anayekatwa ujira ni dereva, naye hana hatia yoyote. Basi aliyekimbia mchana, jioni yake amepunguza chakula katika nyumba asiyoijua.

Ndugu Waislamu, wanavyuoni wametufundisha kuwa haki zimegawanyika mafungu mawili: haki za Mwenyezi Mungu (SW) na haki za waja. Haki za Mwenyezi Mungu, mja akitubia kwa ikhlasi, Mola wake ni Mwingi wa kusamehe. Ama haki za waja, toba yake ina sharti la ziada, nalo ni kumrejeshea mwenyewe haki yake au kumwomba radhi akakubali. Imepokewa na Imam Bukhari kuwa Mtume (SAW) alimwamrisha aliyemdhulumu nduguye katika heshima yake au katika kitu chochote ajivue na dhuluma hiyo leo, kabla haijafika siku ambayo hapatakuwa na dinari wala dirhamu. Naye Imam Muslim amepokea habari ya muflisi wa umma huu, yule atakayekuja Siku ya Kiyama na swala, saumu na zaka, lakini akawa ameshatukana huyu na amekula mali ya yule, hivyo mema yake yakagawiwa hao aliowadhulumu hadi yakamalizika. Ni hasara iliyoje kwa mtu kulipia mlango wa gari kwa swala zake!

Wako watakaosema, "Sikukusudia, ni upepo uliousukuma mlango." Kauli hiyo ina ukweli na ina kasoro. Ni kweli kwamba aliyekosea bila ya kukusudia hana dhambi, kwani umma huu umesamehewa kosa la bahati mbaya na la kusahau. Lakini kuondoka kwa dhambi si kuondoka kwa dhamana. Tazameni Suratun-Nisaa, aya ya 92, ambamo aliyeua kwa bahati mbaya amewajibishwa kuwapa jamaa za marehemu diya, isipokuwa wakisamehe. Ikiwa kukosa kusudio hakukuondoa malipo katika roho, vipi kutayaondoa katika mali?

Na katika nyumba ya Mtume (SAW) kuna mfano ulio wazi. Imepokewa kutoka kwa Anas (RA) kuwa mmoja wa wakeze Mtume alimpelekea chakula katika bakuli naye akiwa nyumbani kwa mke mwingine. Huyu wa pili, kwa wivu, akaupiga mkono wa mtumishi, bakuli likaanguka na kupasuka. Mtume (SAW) hakupandisha sauti. Alikusanya vipande na kile chakula, akamzuia yule mtumishi hadi lilipoletwa bakuli zima kutoka katika nyumba hiyo, akalipeleka kwa yule aliyevunjiwa, na lile lililovunjika likabaki kwa aliyevunja. Bakuli tu, ndugu zangu, tena baina ya watu wa nyumba moja!

Basi la kufanya ni lipi? Ukiligonga gari na mwenyewe hayupo, usiondoke. Muulize mlinzi wa maegesho na wauza duka wa jirani. Ikiwa ni msikitini, mpelekee imamu namba ya gari hilo atangaze baada ya swala. Ukishindwa kusubiri, andika karatasi yenye jina lako, namba ya simu na maelezo ya kilichotokea, uibane kwenye waipa ya kioo cha mbele, na piga picha pale palipoharibika ili pasizuke ubishi. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ya mwaka 1973 nayo inamtaka dereva aliyesababisha ajali asimame na atoe taarifa. Lakini Muislamu hangoji askari, kwani anajua Mola wake yu pamoja naye popote alipo. Na ikiwa umefanya juhudi zote na mwenyewe hakupatikana kabisa, wanavyuoni wengi wameelekeza kwamba thamani ya uharibifu huo itolewe sadaka kwa niaba yake, kwa nia kwamba akipatikana siku moja atahiari baina ya thawabu za sadaka ile na kulipwa haki yake. Hiyo ni njia ya aliyeshindwa kumpata, si ya aliyekwepa kumtafuta.

Hapa tunawageukia wazazi. Watoto ndio wanaofungua milango kwa pupa, na ndio wanaochora kwa msumari juu ya vumbi la gari la jirani wakidhani wanachora vumbi tu. Mtoto asiyebaleghe haandikiwi dhambi, lakini wanavyuoni wamesema mali aliyoiharibu haipotezi dhamana kwa sababu ya utoto wake. Hata hivyo, la fidia si zito kama la malezi. Mtoto akigonga gari la watu, kisha akamsikia baba yake akimhimiza, "Panda upesi twende," amefundishwa somo ambalo madrasa ya mwaka mzima haitaliondoa kwa urahisi. Na akimwona baba huyohuyo akichukua kalamu na kuandika namba yake ya simu, ameiona amana kwa macho. Luqman alimuusia mwanawe kwamba jambo hata likiwa na uzito wa mbegu ya hardali ndani ya jabali, Mwenyezi Mungu atalileta. Wafundisheni watoto kuushika mlango kwa mkono wakati wa kuufungua, hasa siku ya upepo, na kutoegemea gari la mtu wala kuweka mizigo juu yake.

Ama mwenye gari naye ana wajibu. Imepokewa kuwa Mtume (SAW) alimwelekeza mtu kumfunga ngamia wake kwanza, kisha amtegemee Mwenyezi Mungu. Na katika kisa cha ngamia wa Bara' bin Azib (RA) aliyeingia katika shamba la watu akaliharibu, Mtume (SAW) alihukumu kuwa wenye mashamba wayalinde mchana, na wenye wanyama wawajibike kwa yanayoharibiwa usiku. Ulinzi, basi, ni mzigo wa pande mbili. Egesha gari lako katikati ya nafasi yake, lielekee sawasawa, na uache pande zote mbili upenyo unaomtosha mama mjamzito au mzee kushuka bila ya kugonga. Ikipatikana nafasi ya pembeni kabisa, ichukue hata ukitembea hatua hamsini zaidi. Kunja vioo vya pembeni. Bandika mpira mwembamba kwenye ukingo wa mlango. Bei yake ni ndogo na manufaa yake ni makubwa. Usilifunike kwa turubai gari lenye vumbi, kwani upepo ukilitikisa turubai, mchanga husugua rangi. Wala usimruhusu kijana alifute kwa kitambaa kikavu. Mwambie atangulize maji mengi.

Lakini ulinzi huo usigeuke kuwa dhuluma kwa wengine. Katika misingi ya sheria yetu ni hadithi inayokataza kudhuru na kulipizana madhara. Anayeegesha gari akakalia nafasi mbili ili lake lisiguswe, amemnyima mwenzake nafasi moja. Anayepanga mawe na madumu barabarani mbele ya nyumba yake, ameifanya njia ya umma kuwa milki yake. Na anayeziba njia kwa hoja kwamba anawahi swala, anasahau kwamba kuondoa udhia njiani ni katika imani, itakuwaje kwa aliyeuweka yeye?

Na wewe uliyekuta alama, usiapize wala usimtuhumu mlinzi au watoto wa mtaa bila ya ushahidi. Aliyekuja kukuungamia mwenyewe ameshinda nafsi yake, basi mpokee kwa uso mkunjufu. Dai haki yako bila ya kuzidisha. Aliyekuchubua mlango hadaiwi bampa lililovunjika mwaka jana. Na ukisamehe, Suratu Shuura, aya ya 40, imekuahidi kwamba ujira wako uko kwa Mwenyezi Mungu. Gari ni neema ya kushukuriwa, si kitu cha kumpigia mtoto wa jirani hadi akaogopa kupita mlangoni pako.

Kamati za misikiti nazo tunaziomba ziteue vijana wachache wa kuyapanga magari kila Ijumaa, na maimamu walitaje jambo hili japo kwa dakika mbili kabla ya watu kutawanyika. Kwani wakati huo ndio milango hufunguliwa kwa pamoja.

Tunamalizia kwa hukumu ya Manabii wawili, Daud na Suleiman (AS), iliyotajwa katika Suratul-Anbiyaa, aya ya 78 na 79, kuhusu kondoo walioingia usiku katika shamba la watu. Wafasiri wameeleza kuwa Nabii Suleiman alihukumu mwenye kondoo alitengeneze shamba hadi lirudi kama lilivyokuwa, na wakati huo mwenye shamba anufaike na maziwa na sufi ya kondoo hao. Kisha kila mmoja arejeshewe chake. Mwenye shamba alikuwa amelala, hakuona kitu. Bado haki yake ilisimama. Vivyo hivyo haki ya mwenye gari husimama, naye akiwa ndani ya msikiti amesujudu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (SW) atujaalie tuwe wenye kuchunga mali za wenzetu kama tunavyochunga zetu, atuwezeshe kulipa madeni yetu hapa duniani kabla ya siku isiyo na fedha, na azilainishe nyoyo zetu katika kusamehe. Amin. Wabillahi tawfiq.