Butembo si Tokyo: anayengoja kilomita 15,000 anaua moteri yake

Butembo. Kuna neno linalozunguka sana kwenye parkingi za taksi, kwenye garaji na hata nje ya kanisa baada ya misa: «Ulaya wanafanya vidanji kila kilomita 20,000. Mafundi wa hapa wanataka tu kula pesa ya watu.» Anayelisema mara nyingi ana shemeji Ubelgiji au mtoto Ufaransa aliyemweleza hivyo kwa simu. Shemeji hakudanganya, kule ni kweli. Lakini neno la kweli la Brussels likifika Butembo linageuka uongo, na uongo huo unakula magari, unakula mitaji ya familia, na siku nyingine unakula watu.

Magari mengi mapya ya Ulaya yanapangiwa kubadilishiwa mafuta ya moteri kila kilomita 15,000 mpaka 30,000, au kila baada ya mwaka mmoja mpaka miwili. Japani, ambako yanatoka magari mengi yanayoingia kupitia Mombasa, Uganda na Kasindi, Toyota imeandika kilomita 15,000 au mwaka mmoja kwa gari nyingi za esansi zisizo na turbo. Hapo ndipo wajuaji wa parkingi wanafunga kitabu. Lakini kitabu hakiishii hapo. Pembeni kuna mstari wa pili, wa gari linalofanya kazi katika hali ngumu, na mstari huo unakata muda katikati: kilomita 7,500 au miezi sita.

Hali ngumu ni ipi kwa Mjapani? Ni njia ya vumbi na mashimo. Ni kupanda na kushuka milima mara nyingi. Ni safari fupi fupi zisizopita kilomita 8. Ni moteri kuwaka muda mrefu gari likiwa limesimama au likitambaa. Ni kutembea zaidi ya kilomita 20,000 kwa mwaka. Mwenye taksi yeyote wa Butembo asome orodha hiyo na kutafuta kitu kimoja ambacho gari lake halifanyi. Hatakipata. Na huyo Mjapani anayeambiwa akate muda katikati anatembea kwenye lami na gari jipya. Gari la hapa limeshuka melini likiwa na miaka kumi na zaidi, na namba ya kilomita iliyo kwenye kioo chake hakuna anayeweza kuiapia.

Wengine wanasema fundi wa zamani anayeshika kilomita 3,000 hakusoma. Basi wapige hesabu, maana moteri haihesabu mawe ya kilomita, inahesabu saa za kuwaka. Gari la Ufaransa likiwa kwenye barabara kuu kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, linamaliza kilomita 15,000 kwa saa 150. Gari linalotoka Butembo kwenda Lubero au Kanyabayonga wakati wa mvua, kwa wastani wa kilomita 20 kwa saa, katika saa hizo hizo 150 limetembea kilomita 3,000 tu. Fundi asiyejua kijapani na huyo injinia wa Tokyo wamefika karibu na jibu moja, kila mtu kwa njia yake. Aliyekosea ni mwenye gari anayewacheka wote wawili.

Mtu atajibu kwamba moteri ya mwendo wa pole haichoki sawa na ile ya mwendo wa kasi. Angalia gari lililonasa kwenye matope: vitesi ya kwanza, moteri inalia, upepo wa kuipoza haupo. Ongeza vumbi jekundu la kiangazi linaloziba filtre ya hewa na, filtre ikichoka, linaingia mpaka ndani ya silinda na kusaga chuma kama jiwe la kunolea. Ongeza mafuta yenyewe. Ulaya, tangu mwaka 2009, sheria hairuhusu salfa kupita sehemu 10 kwa milioni katika esansi na mazuti ya magari. Katika nchi za Afrika Mashariki, ambako mafuta haya yanapita, kipimo cha mazuti kilichowekwa mwaka 2015 kilikuwa 50, yaani mara tano. Salfa ikiungua inazaa asidi, na kazi mojawapo ya mafuta ya moteri ni kuua asidi hiyo mpaka nguvu yake inaisha. Halafu kuna chupa na bidoni za kadafi kando ya njia, ambamo maji na uchafu havipimwi na mtu yeyote.

Sasa bei, maana hapa ndipo kelele zinatoka. Katika garaji ya Ufaransa, saa moja ya kazi ya fundi inaweza kupita euro 60, na katika miji mikubwa inaweza kupita 100. Kule mkono wa mtu ndio ghali. Makampuni yenye magari mia mbili hayataki kuona magari yao yakilala garajini, na mtengenezaji anajua kwamba mnunuzi analinganisha gharama za miaka mitatu au minne ya kwanza. Ndiyo maana muda wa vidanji ulirefushwa na mafuta ya bei ya juu yakatengenezwa kuustahimili. Hesabu hiyo ilifanywa kwa ajili ya mnunuzi wa kwanza. Mnunuzi wa tatu, yule wa Butembo, hakuwemo kwenye kikao hicho.

Hapa mambo yamegeuka. Mkono wa fundi ni rahisi, piyesi ni ghali. Piyesi inatoka Dubai au Kampala, inalipiwa usafiri, inalipiwa mpaka, na ikifika mtu hana hakika kama ni ya kweli au ni ya kuiga. Mahali ambapo kazi ni rahisi na chuma ni ghali, akili ni kutumia kazi ili kuokoa chuma. Kufungua gari mara nyingi, kusafisha, kubadilisha mafuta mapema: hiyo ndiyo faida moja ambayo mwenye gari wa Butembo anayo mbele ya yule wa Paris. Kuiga muda wa Paris ni kuitupa faida hiyo na kubaki na hasara peke yake.

Haki isemwe pia: hofu ya wenye magari ina mizizi. Kuna mafundi wanaopangusa filtre ya zamani kwa esansi na kuirudisha kama mpya. Kuna mafuta yanayouzwa kwenye bidoni iliyokwisha kufunguliwa, meusi kabla hayajaona moteri. Anayeibiwa hivyo mara mbili anaapa hatarudi tena. Lakini dawa ya fundi mwizi ni kumsimamia. Nunua mafuta yaliyofungwa, yafunguliwe mbele ya macho yako. Filtre ya zamani itobolewe kabla hujaondoka. Kopo tupu litobolewe pia, lisirudi sokoni na mafuta ya uongo. Kisha andika tarehe na kilomita kwenye daftari linalokaa ndani ya gari. Kama kompteri imekufa, andika siku: taksi inayotembea kilomita 120 kwa siku inamaliza kilomita 3,000 katika siku 25 za kazi. Na gari lililotoka Uingereza linahesabu maili. Maili 3,000 ni kilomita zaidi ya 4,800, kwa hiyo anayezisoma kama kilomita amekwisha kupitiliza bila kujua.

Kuna jambo moja zaidi ambalo wasifu wa Ulaya wanalisahau kila siku. Kule, gari halimtegemei mwenyewe peke yake. Japani, gari jipya linakaguliwa na serikali baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili. Ufaransa ni baada ya miaka minne, kisha kila miwili. Uingereza ni baada ya mitatu, kisha kila mwaka. Hata jirani Rwanda, gari linapelekwa kwenye kituo cha ukaguzi cha polisi, freni zinapimwa kwa mashine, na magari ya abiria yanarudi mara nyingi zaidi kuliko ya watu binafsi. Kongo nayo ina kontroli tekniki, lakini mara nyingi ni karatasi inayolipiwa, na gari lenyewe halijainuliwa wala kuchunguliwa chini. Mahali ambapo mkaguzi haangalii, jicho la mwisho ni la fundi siku ya vidanji. Akiwa chini ya gari anaona hozi ya freni iliyopasuka na tairi lililoanza kuonyesha nyuzi. Anayeruka vidanji tatu amelificha gari lake machoni pa mtu pekee ambaye angeliona.

Na milima ya huku haisamehe. Mafuta ya freni yanavuta maji kidogo kidogo. Watengenezaji wengi wanasema yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi. Yakizeeka, kwenye mteremko mrefu yanachemka, na dereva anakanyaga pedali inayozama mpaka chini. Nyuma yake kuna mama waliolipa nafasi wakiwa na mifuko ya maharagwe na watoto mgongoni. Hao hawakuulizwa kama wanakubali muda wa Ulaya.

Lawama isimwangukie dereva kwanza. Madereva wengi wanajua. Dereva anasema: «Papa, vidanji imefika.» Jibu linakuja: «Maliza kwanza wiki hii, pesa ya jioni isikatike.» Wiki inakuwa mwezi. Moteri ikikwama, dereva anafukuzwa, na mwenye gari anatafuta moteri nyingine kwa bei ambayo ingelipia vidanji za miaka mingi. Mwenye gari anayedai pesa ya kila siku bila kutoa siku moja ya garaji ndiye mshtakiwa wa kwanza.

Wa pili ni muuzaji. Magari mengi yanafika na karatasi ndogo za kijapani zilizobandikwa mlangoni na kwenye kioo, zenye tarehe ya mafuta ya mwisho na mwisho wa ukaguzi. Mwaka ulioandikwa 27 unaweza kuwa mwaka wa 27 wa enzi ya Heisei, yaani 2015. Anayeleta magari makumi kwa mwaka hakosi uwezo wa kumlipa mtu atafsiri karatasi hizo na ule ukurasa wa hali ngumu.

Wa tatu ni wakubwa wa mji na polisi wa barabarani. Barrière zipo, watu wa kusimamisha magari wapo. Kabla ya kuomba karatasi, waangalie matairi na kumwambia dereva akanyage freni. Haihitaji mashine wala bajeti ya Kinshasa.

Mradi wa lami uliozinduliwa na Kongo na Uganda katikati ya mwaka 2021 unagusa Kasindi, Beni na Butembo. Lami ikikamilika kila mahali, vumbi likiisha na mafuta yakipimwa, muda unaweza kurefushwa, na hakuna fundi wa kweli atakayelia. Mpaka siku hiyo, anayetaka kufanya vidanji kwa kalenda ya Brussels ahamie kwanza Brussels pamoja na gari lake.