Moshi Wetu na Wanaouhesabu

Kiangazi kinapokomaa, mtu aliyesimama Lemara na kuelekeza uso wake kaskazini huuona mlima Meru nusu tu. Utando wa rangi ya majivu huufunika, na wengi wetu tumezoea kuuita vumbi. Si vumbi tupu. Mna ndani yake moshi wa mabua yachomwayo mashambani, moshi wa makaa na wa kuni, na moshi wa nyika ziwakazo mbali. Upepo ukija, utando huondoka, nasi husahau. Lakini moshi ule haukufa. Wako watu, katika nchi za mbali, wanaouhesabu ungali njiani kupanda juu.

Katika moshi wa mimea iunguayo mna gesi iitwayo sianidi ya hidrojeni. Jina hili lisimtishe msomaji bure. Sianidi twaijua: ndiyo sumu ya muhogo mchungu, iliyowapooza watu miguu huko Tarime mwaka 1985, wakati ukame ulipowalazimisha kula muhogo usiotayarishwa ipasavyo, na ndiyo itumiwayo migodini kutenga dhahabu na mawe. Huko juu, kilomita kumi na tano na zaidi, gesi hii ni haba mno. Katika chembe trilioni moja za hewa, zake ni kama 200 tu, nazo hazimdhuru mtu. Thamani yake kwa wataalamu ni kwamba magari na viwanda hutoa kidogo sana, na sehemu iliyo kubwa hutokana na mimea iliyoungua. Kwa hiyo ni kama chapa ya ng'ombe: popote mnyama aendapo, mwenye kujua chapa atatambua ametoka zizi gani. Bahari huinyonya gesi hii, na hewa ya chini hukaa nayo miezi michache tu. Lakini ikishapenya tabaka la juu hukaa miaka.

Kuipima si kazi ya ngazi wala ya ndege.  Ni tarehe 12 Agosti 2003 Kanada ilipopeleka angani chombo SCISAT, nacho hulitazama jua linapochomoza na linapokuchwa kupitia ukingo wa hewa ya dunia, na kutambua ni mwanga upi uliomezwa na gesi ipi. Tarehe 15 Julai 2004 Wamarekani walifuata na chombo Aura, kikizunguka kilomita 705 juu yetu, chenye kipokezi cha mawimbi mafupi jamii ya yale ya redio. Maana kila gesi ina sauti yake, na sianidi hutoa sauti yake usiku na mchana bila kungoja jua. Kwa vyombo hivyo, Hugh Pumphrey wa Chuo Kikuu cha Edinburgh na wenzake walionyesha mwaka 2008 kwamba hewa ya juu ya ukanda wa tropiki huweka kumbukumbu ya mioto: mwaka wa moto mwingi huonekana kama tabaka nene la sianidi, likipanda polepole mwezi baada ya mwezi.

Hapa ndipo jambo linapotuhusu. Bara la Afrika lina takriban theluthi mbili za ardhi yote iunguayo duniani kila mwaka, na nyika za Tanzania zimo. Msikilizaji wa haraka atasema basi mkosaji ni Mwafrika na kiberiti chake. Hewa yenyewe haisemi hivyo. Kiasi kikubwa kilichoonekana mwishoni mwa 2015 kilitoka Indonesia, ambako ukame mkali uliwezesha moto kuingia katika ardhi ya vinamasi, udongo mweusi wa mimea iliyooza kwa maelfu ya miaka. Kilo moja ya udongo ule ikiungua hutoa sianidi kama mara kumi ya kilo moja ya majani makavu ya nyika. Tena majani ya nyika huota upya mvua zinyeshapo. Udongo ule haurudi katika umri wa mtu. Atakayehukumu kwa kuhesabu eka zilizoungua peke yake atahukumu vibaya.

Hatusemi haya ili tujifiche. Mwezi Oktoba 2020 moto uliteketeza kilomita za mraba zipatazo 95 za Kilimanjaro, na mamia ya watu walipanda kuuzima. Vichaka vya mlimani si majani ya nyika. Havirudi kwa masika moja, na maji ya vijiji vya chini hutegemea kinga hiyo. Meru nao umewahi kuungua. Achomaye shamba lake adhuhuri ya upepo, chini ya msitu, hatuna neno la kumtetea.

Lakini nani atakayesema, mbele ya mkutano wa mataifa, moshi upi ni wa nyika na upi ni wa msitu, upi wetu na upi wa jirani? Tarehe 12 Desemba 1970 chombo cha kwanza cha kuchunguza miale ya eksirei ya nyota kilirushwa kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi, kikapewa jina Uhuru. Jina lilikuwa letu. Chombo kilikuwa cha Wamarekani, na roketi ilirushwa na Waitaliano. Hatuoni sababu ya kuridhika na majina. Huko Nairobi idara ya hali ya hewa, kwa ushirikiano na Waswisi, imekuwa ikirusha maputo ya kupimia ozoni tangu miaka ya 1990, na kazi hiyo imefanywa na mikono ya Wakenya.

Vipimo vya SCISAT na Aura hutolewa kwa watafiti bila malipo. Kutoka Lemara hadi Tengeru, kilipo Chuo cha Sayansi na Teknolojia cha Nelson Mandela, ni safari ya daladala. Twaitaka Wizara iwalipie vijana watatu au wanne wakae na tarakimu hizo miaka mitano, wazilinganishe na taarifa za moto za maofisa misitu wa wilaya, kisha watuambie sisi kwanza, kwa Kiswahili, walichokiona.